Ng'ombe na Mahindi Ubaoni

Nyumba za Walimu, Mkwajuni,
Kata ya Chanzuru,
Kilosa.

20 Juni 1993

Mpendwa Shangazi Elizabeti,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba magoti yako yamepata nafuu tangu baridi ya masika ipungue. Je, Wenceslaus bado anakuamsha alfajiri na ile redio yake ya Dubai? Mwambie wazee wanahitaji usingizi kuliko taarifa ya habari.

Huku mwilini tu wazima. Mvua zimekatika, mahindi yanakauka mashambani, na wanunuzi binafsi wameshaanza kuzunguka na malori yao kabla hatujavuna. Tangu ushirika ulale, kila mtu anajiuzia mwenyewe, na kila mtu anachunga shamba lake kwa jicho kali.

Najua kaka Alfred amekuandikia kwamba wanakijiji wamenifukuza na kwamba nimepigwa. Sijapigwa, Shangazi. Lakini sitakuficha kwamba niliogopa, na mpaka sasa nikisikia hatua za watu nje ya nyumba, nanyamaza kwanza kabla ya kuitika hodi. Naomba usome niliyoyaona, usiyaamini ya barabarani.

Mambo yalianzia shambani kwa Mzee Mwinshehe, yule mwenye shamba linalopakana na mkonge wa zamani. Shamba la mkonge liliachwa, likawa pori, na ndugu zetu Wamaasai wakalifanya malisho. Mwanzoni mwa mwezi huu ng'ombe wa mmoja wao, Kaelo, waliingia kwenye mahindi ya Mwinshehe, wakayamaliza upande mzima. Vijana wakakimbilia huko na mapanga. Leshan, mdogo wake Kaelo, akakatwa bega. Mpaka leo amelala hospitalini Kilosa, na mkono hajaweza kuunyanyua.

Baada ya hapo kijiji kilibadilika sura. Wanaume wa upande mmoja wakawa wanatembea na mikuki, wa upande wa pili na mapanga. Maziwa hayakuletwa tena sokoni, wala unga haukupelekwa tena bomani kwa Wamaasai. Darasani kwangu watoto wakajigawa wenyewe bila kuambiwa. Waliobaki pamoja ni Naisenya, binti wa Kaelo, na Mwanaidi, binti wa Mwinshehe. Wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na ndio wanaoongoza kwa hesabu.

Siku chache baada ya Leshan kukatwa, nilikuwa nafundisha darasa la saba kurahisisha mitajo ya aljebra. Mtihani wa taifa unakaribia na wengi bado wanachanganya. Niliandika ubaoni: 5n + 3m + 2n – m. Miaka yote huwa nasema embe na machungwa. Sijui nini kiliniingia, Shangazi. Nadhani nilitaka waamke. Nikasema n ni ng'ombe, m ni mahindi. Ng'ombe kusanya na ng'ombe, mahindi kusanya na mahindi, usivichanganye. Jibu ni 7n + 2m.

Mwanaidi akanyoosha kidole. Akauliza, "Mwalimu, hiyo m inayotolewa ndiyo iliyoliwa?"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Nadhani hata yeye hakutarajia. Naisenya hakucheka. Alikusanya madaftari yake, akanyanyuka, akatoka nje bila kuomba ruhusa, na watoto wote wa bomani wakamfuata mmoja mmoja. Nilibaki nimeshika chaki.

Kabla jua halijazama maneno yalikuwa yameenea kijiji kizima: mwalimu Teresia amefundisha kwamba ng'ombe na mahindi haviwezi kukaa mahali pamoja, na kwamba hivyo ndivyo kitabu cha serikali kinavyosema.

Jambo lililonitisha zaidi halikuwa hasira, bali sifa. Wakulima walinisalimia kwa furaha njiani. Mwinshehe alinitumia kuku mzima na salamu kwamba hatimaye kuna msomi aliyesema ukweli. Kuku nilimrudisha, na hilo nalo likawa neno. Kisimani kina mama wa bomani niliwasalimia, wakainamia ndoo zao kama vile umepita upepo tu.

Kesho yake Kaelo alikuja shuleni na wenzake wawili. Hawakupiga kelele. Walisimama mlangoni mwa ofisi na mikuki yao, na Kaelo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watoto wetu wametolewa shuleni?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Mtoto wangu amerudi nyumbani analia. Yeye halii. Hata tulipomleta Leshan amejaa damu hakulia." Kisha wakaondoka. Mwalimu mkuu wetu, Lazaro, alisubiri mpaka wakapotea kwenye mkonge ndipo akaniambia nisilale hapo. Niende kwa ndugu yangu Mikumi mpaka patulie.

Nilikwenda. Alfred alinipokea vizuri, umshukuru kwa niaba yangu, maana mimi naye tuliachana kwa kununiana. Anaziba pancha za malori yanayokwenda Zambia, na kila dereva aliyekaa kusubiri tairi alisimuliwa habari zangu. Alfred alitaka niombe uhamisho moja kwa moja. "Utakufa kwa sababu ya herufi mbili, dada?" aliniuliza. Karibu nimkubalie.

Lakini nilikuwa nimebeba kitabu changu cha hesabu, na pale gerejini sikuwa na kazi nyingine ila kukisoma. Shangazi, wewe umefundisha miaka mingi, utanicheka. Kitabu kinasema herufi inasimama badala ya namba. Haisimami badala ya kitu. n si ng'ombe. n ni namba ambayo hatujaambiwa. Kwa kutafuta wepesi wa somo nilikuwa nimewafundisha uongo, na uongo wenyewe ndio uliotoka nje ya darasa ukaanza kutembea na silaha.

Niliposikia mwenyekiti ameitisha mkutano wa kijiji siku ya Jumamosi, nilipanda basi nikarudi. Alfred alikataa kunisindikiza hadi kituoni.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wakulima upande wa madarasa, wafugaji upande wa pili, na katikati mahali patupu ambapo hakuna mtu aliyetaka kupita. Mwenyekiti alinisimamisha kabla hata ya kugusa habari za shamba. Nikaomba ubao utolewe nje. Niliandika ile hesabu, nikikandamiza hadi chaki ikakatika.

Nikawaambia kwamba nilikosea kusema n ni ng'ombe. n ni namba ambayo bado hatujaijua. Mara tano ya namba hiyo, ukiongeza mara mbili yake, unapata mara saba ya namba ileile. m ni namba nyingine, nayo hatujaijua, ndiyo maana zinaandikwa kila moja peke yake. Tukiambiwa thamani zake zote mbili, tutazijumlisha tupate namba moja.

Kijana mmoja wa upande wa mashamba akapaza sauti, "Kwa hiyo sasa unasema tuchanganyike nao! Umetishwa!"

Nikamjibu, "Sisemi juu ya watu. Hii ni hesabu ya darasa la saba."

"Juzi ilikuwa ng'ombe, leo ni namba!" Watu wakaanza kusimama. Nikaona mapanga yanainuliwa kutoka chini. Upande wa pili nao wakasimama, mikuki mikononi. Mwenyekiti alipiga meza, hakuna aliyemsikia.

Hapo Mwanaidi akatoka kwa kina mama, akaja hadi mahali pale patupu. Alikuwa analia kiasi kwamba maneno yake ya kwanza hayakusikika. Akarudia: "Maneno ya mahindi kuliwa niliyasema mimi. Mwalimu hakuyasema. Niliyasema ili watu wacheke."

Mwinshehe alimwita arudi, kwa sauti ambayo kila mzazi anaijua. Hakurudi. Kaelo akamtazama sana, akamuuliza, "Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Mzee Mwinshehe."

Kaelo akakaa chini kwenye vumbi, mkuki ameulaza kando yake, na wenzake wakakaa. Ikachukua muda mrefu, lakini na wakulima wakakaa, na Mwinshehe alikuwa wa mwisho. Hakumtazama tena binti yake siku ile.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Walikubaliana tu kwamba wazee wa pande zote mbili watakwenda pamoja kuliangalia shamba, na kwamba aliyemkata Leshan atatajwa. Bado hajatajwa. Mwanaidi alichapwa, nimeziona alama. Nilikwenda kuzungumza na baba yake, akaniacha nimesimama uani.

Watoto wa bomani wamerudi shuleni, ila si wote. Naisenya alirudi Jumatano, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, peke yake. Mwanaidi akakusanya vitu vyake akamfuata. Naisenya hakumsogelea wala hakumpisha, hivyo Mwanaidi akakaa nusu mwili ukiwa nje ya dawati. Niliandika ubaoni zoezi jipya, refu, lenye herufi tatu, na nikachukua muda kuliandika kwa sababu sikutaka kugeuka. Nilipogeuka, walikuwa wanabishana juu ya jibu.

Fomu ya uhamisho aliyoniletea Lazaro nimemrudishia bila kuijaza. Nakungoja unikemee au unibariki kwa hilo, lakini nitakaa.

Nisalimie Wenceslaus, na mama Naomi jirani yako, na Thadeo akipita. Kama Alfred atakuandikia tena, mwambie dada yake anamkumbuka. Mungu aliyekulinda kwenye miaka yako ya chaki akulinde na kwenye hii ya kupumzika, nasi atupe mavuno bila damu.

Mwanao unayemjua, akupendaye,

Teresia