Folda ya "Leo" na Picha za Mtu Mwingine

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Wifi yangu, yule fundi kompyuta wa hospitali, karudi nyumbani na kisa.

Jana alitengeneza njia ya mkato, alama ya kubofya inayofungua folda, kwenye diski ya pamoja, akaiita "Leo", ili madaktari wazipate haraka picha za mgonjwa wa siku. Kwenye kompyuta yake ikafunguka vizuri kabisa.

Asubuhi kaijaribu kwenye kompyuta iliyo nje ya chumba cha upasuaji. Ikafunguka pia. Ila jina kwenye kona ya picha ni la mwanamke, na aliyelala mezani ni mwanamume!

Mwanamume, mwenzangu!

Kumbe ile njia haibebi picha, inabeba anwani tu. Kompyuta za upasuaji zina mfumo mwingine, na ndani yake kuna folda ya zamani yenye anwani ileile. Kila kompyuta inafungua ya kwake.

Kausukuma mlango bila hata barakoa. "Daktari, usikate! Hizo picha si zake!"

"Unasemaje?"

"Si zake!"

Daktari kasoma ile kona. Halafu kasema polepole, "Nilikuwa naenda kutoa figo ya kushoto."

Kumbe mbovu ya huyu mwanamume ni ya kulia.

Wifi kaifuta ile njia, kaweka picha zenyewe, wakahakiki jina pamoja. Upasuaji umeisha salama.

Wifi alipotoka, mama wa mgonjwa kamshika mkono kwa hasira: "Mmemchelewesha mwanangu kwa sababu ya kompyuta?"

Wifi kashindwa kumtazama. "Utusamehe, mama."