Ufunguo wa Geti

Mdogo wangu,

Huku wazima. Mfalme amezihamishia familia zote za askari ndani ya ukuta wa jumba lake. Wapwa zako wanapata maziwa kila asubuhi. Yule wa mwisho kanenepa mpaka shati halifungi.

Uliuliza kwa nini mfalme wa nchi jirani aling'oka na wetu hatikisiki. Kule askari walipoamriwa wawapige watu risasi, walitupa bunduki wakarudi kwao. Shemeji yako akitupa yake atarudi wapi? Kwake ni humu, na ufunguo wa geti anao mfalme.

Nilimuuliza shemeji yako akikuona pale getini atafanyaje. Alikuwa akimvisha mtoto viatu. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

Mkija kuandamana kesho, usikae mbele.

Dada yako, mgeni wa mfalme.