Vipimo Viwili vya Kimya

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Lothar, mwalimu wetu wa kwaya, kanirudishia kurasa zangu — nyekundu tupu! Kalamu yake imepita kila mahali. Ati nota zimebanana kama dagaa, maneno ya wimbo yanakanyagana. "Bibie Irmtraud, hiyo kompyuta yako imelewa?" Mbele ya kwaya nzima. Wakacheka.

Wimbo ni wa marehemu kaka yangu Gerwin. Kauacha kwa penseli, na penseli inafifia. Hapa mjini Warendorf nani mwingine anausoma mwandiko wake? Lothar kazi yake kupunga fimbo tu!

Nikazikusanya kurasa, nikatoka. Ningefungua mdomo ningetukana kanisani.

Jumanne, 5 Novemba

TeX, hii programu ninayopangia nota, haina huruma. Huisogezi nota kwa mkono. Unaandika amri, inapanga yenyewe. Nikaongeza nafasi kati ya nota, nikachapa — ileile! Nikaongeza tena. Ileile! Nikapiga meza, kahawa ikamwagika.

Kumbe sikufuta faili la hesabu za mwanzo. Mashine ilikuwa inapanga ukurasa wa leo kwa upana wa jana. Mjinga mimi! Nikalifuta. Sasa nota zinapumua, kila silabi chini ya nota yake. Ila mstari wa mwisho umeangukia ukurasa wa tano. Peke yake, kama yatima.

Alhamisi, 7 Novemba

Lothar haitaki karatasi ya tano. Ati waimbaji wataigeuza palepale panapotakiwa utulivu, chakarachakara kanisa zima. Hapo ana hoja, nakubali. Lakini dawa yake sasa!

"Futa hivi vipimo viwili vya kimya kabla ya mwisho. Havina kitu."

"Gerwin ndiye aliyeviandika."

"Gerwin hayupo. Na kimya hakina nota, bibie. Nani atajua?"

Mimi nitajua! Gerwin aliutunga wimbo huu mapafu yamekwisha, anavuta hewa kwa mrija. Kila akisema neno alisimama katikati, akasubiri, akaendelea. Tukajifunza kumsubiri. Vile vipimo viwili, kwaya inapohesabu bila kuimba, ndiko kusubiri kwenyewe. Halafu mtu mzima ananiambia havina kitu!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeshinda mezani. Nimepunguza nafasi kati ya sauti za juu na za chini. Maneno nimeyapandisha kidogo. Nimebana penye nota ndefu tu, pasipoumiza jicho. Yatima kapanda! Kurasa nne. Kimya kipo, hakijaguswa.

Nikampelekea Lothar hadi mlangoni kwake.

"Umechelewa. Nimeshagawa."

Kumbe zile kurasa za jana kazikata kwa mkasi, kavitoa vile vipimo viwili, kagandisha kwa gundi, katoa kopi. Wimbo wa kaka yangu — mkasi!

"Huo mkasi ungeanza na ulimi wako," nikamwambia.

Kafunga mlango. Nikarudi nyumbani, nikachapa nakala za kwaya nzima.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani, benchi la nyuma. Naandika nyuma ya ratiba ya ibada, nitabandika baadaye. Niliwahi kuliko wote, nikaweka kurasa zangu kwenye kila kiti cha kwaya. Kila mwimbaji sasa ana za aina mbili — za mkasi na zangu.

Lothar kaingia. Kaona. Uso nyanya! Anapita anakusanya zangu. Wanaume wamempa. Waoga! Wanawake wa sauti ya kwanza nao wanampa.

Kafika kwa Mechthild, sauti ya pili, yule muuza maua. Hatoi. Kazikalia!

"Simama, Mechthild."

"Goti langu leo halitaki, mwalimu."

Jirani yake naye kaketi haraka juu ya zake. Na anayefuata.

"Na wewe goti?"

"Mgongo."

Watu wanageuka kwenye mabenchi. Padri anachungulia. Kinanda kimeanza — ni wimbo wa Gerwin! Lothar kakimbilia mbele, kainua fimbo, anaashiria wasimame. Wanaume wamesimama. Sauti ya kwanza wamesimama, wanaangaliana. Anaashiria tena. Mpiga kinanda anarudia mwanzo.

Sauti ya pili bado wameketi.