Tuliiita Dawa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimefika, nasi hapa Mji wa Kale tu wazima. Mamako amerudia kupika mahamri, na goti langu lanisumbua kidogo tu.

Waniuliza dawa ya wadudu imefikaje kwenye tope unalolipima la bahari ya Ncha ya Kaskazini, mahali pasipo shamba wala kunguni. Ya upepo na mikondo iliyoibeba wayajua wewe. Mimi najua ilikoanzia.

Ujanani nilikuwa nikipiga dawa ya kunguni nyumba za Majengo. Kazi ikiisha, twaosha mabomba ufuoni Kibarani, maji yageuka meupe kama tui. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akiokota kome akaniuliza, "Mwanangu, wamwaga nini?"

"Usiogope, mama. Ni dawa."

Akanishukuru, akautia mguu wake wenye kidonda mle majini. Sikumzuia. Nami niliamini ni dawa, na kwamba bahari itaimaliza siku ileile.

Kumbe ingaliko, na wewe ndiwe uliyeikuta. Basi ukiandika ripoti yako, mjukuu wangu, andika jina lake kamili. Usiandike dawa.

Babu yako