Jina la Kenelm Limerudi

Winifred, nimepiga yowe kanisani, kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, mbele ya watu wote!

Tangu tumzike mume wangu Kenelm nilidhani jina lake limekwisha. Nani leo humpa mtoto jina la kale hivyo, eti maana yake kofia ya vita ya shujaa? Wazazi walisema mjukuu ataitwa Oliver.

Kasisi akasema, "Mpeni mtoto jina." Mkwe wangu Tamsin akanigeukia kwanza, ndipo akajibu: "Kenelm."

Kenelm, Winifred! Nikaruka: "Kenelm wangu!" Mtoto akaangua kilio.

Kasisi, kumbe alijua siku zote, akacheka: "Bibi, tulia, hata maji sijammwagia!"

Sasa mtoto ninaye mapajani. Nimeita "Kenelm" polepole. Mwenzangu, kuna mtu amegeuka tena kwa jina hilo.