Anyesi, Meza Yangu Nimeisogeza

Kamwene, mwanangu Anyesi,

Unakumbuka likizo ile uliporudi kutoka chuoni na kazi yako ya mwisho ya uhandisi? Ulitaka kujua kwa nini magari yanakwama hapa Makambako, pale barabara ya kutoka Njombe inapoungana na ile kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Ukaniomba nikuhesabie, maana mimi nashinda palepale nauza viazi. Siku tatu nzima niliweka punje ya hindi kwa kila gari lililotoka Njombe, na haragwe kwa lililotoka Iringa. Malori ya mbao na ya makaa ya mawe yalifuatana hata nikamsahau mteja amesimama na kindoo chake cha sado mkononi. Nilipokuhadithia ulicheka mpaka ukakaa chini.

Jioni uliingiza hesabu zangu kwenye kompyuta, ukaniita nitazame. Magari yalikuwa nukta ndogo zinazotembea. Nikakuuliza kama ni siafu.

“Dereva mmoja akikanyaga breki ghafla,” ulinieleza taratibu, “wa nyuma naye anakanyaga, na anayemfuata tena, mpaka wa mwisho anasimama kabisa bila kujua kimetokea nini.”

Nukta zikajazana mahali pamoja. Ukabonyeza kitu, zikaanza kupita.

“Umetoa nini?” nikauliza.

“Meza zenu, mama. Magari yanasimama kununua viazi palepale yanapoungana.”

Niliinuka kwenye kiti. “Viazi hivyo ndivyo vimekusomesha. Leo umepata akili ya kutufukuza?”

“Sijasema mfukuzwe. Nimesema msogee mbele kidogo, penye nafasi ya gari kuegesha.”

Nikaenda kulala. Asubuhi ulibeba begi lako mwenyewe hadi stendi. Tangu uanze shule sikuwahi kukuacha usafiri bila kukusindikiza.

Wiki mbili baadaye ukashikwa na homa ya uti wa mgongo. Nilifika hospitalini ukiwa huwezi tena kunitambua, na siku ya tatu ukaondoka. Tulikuzika kijijini kwetu Uwemba, kando ya bibi yako, mvua ikinyesha.

Mwenzako wa bwenini alileta vitabu vyako na ile ripoti, akanisomea. Habari ya meza hukuifuta. Lakini uliandika kwamba akina mama wasiondolewe kabla hawajatengenezewa mahali pazuri pa kuuzia, maana wana watoto wanaosoma. Kumbe wakati mimi nimekununia, wewe ulikuwa unanitetea. Nilimwomba asome tena pale, akasoma huku analia.

Baada ya arobaini niliisogeza meza yangu mbele, penye nafasi. Wenzangu walisema mama Anyesi amechanganyikiwa. Wawili tu wamenifuata. Foleni bado ipo, mwanangu, nisikudanganye. Wateja wengine hawajui nilikohamia, na siku nyingine narudi na magunia kama nilivyokwenda nayo. Magari yanayosimama kwangu yanaegesha pembeni, na yanayofuata yanapita. Nayatazama, natamani nikuite uone.

Liko jambo sijamwambia mtu. Jumapili ile kabla hujalazwa ulinipigia simu mara mbili. Watu nimewaambia nilikuwa kanisani. Sikuwa kanisani, Anyesi. Nilikuwa nimekaa kitandani, simu iko mapajani, nalitazama jina lako mpaka likapotea. Likatokea tena, nikalitazama tena. Nilitaka unisubiri kidogo, ujue kuwa nimeumia. Nilipanga nikupigie Jumatatu nikitoka sokoni.

Jumatatu asubuhi simu ikaita, nikaipokea haraka. Alikuwa mwenzako wa bwenini.

Pumzika, binti yangu. Kama huko mnasikia, basi sikia kwamba nilikuwa nyumbani, na nilikuwa nakupenda.

Ni mimi, mama yako.