Maji Mepesi Katika Chumba cha Gundi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Adabu ilinitaka nikujulie hali kwanza, nimuulizie mkaza mjomba na watoto, ndipo nigeukie lililonifanya nishike kalamu. Leo nitaanza na hoja, kwani nachelea kwamba nikianza na salamu nitalainika, na nikilainika nitanyamaza. Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mbele ya yeyote: chumba cha gundi katika karakana yako kinaua miguu ya watu wanaoketi ndani yake, na kama tanuri jipya la kukaushia litawashwa Jumatatu huku mapipa ya kiyeyushi cha gundi yakiwa pale yalipo, hakitaishia kwenye miguu.

Hilo likiwa limekwisha kutamkwa, naweza kukusalimu kwa moyo mweupe. Natumaini kikohozi kimekuachia na kwamba mkaza mjomba amepata usingizi. Sisi tuko ghorofa ya pili, wodi ya wanawake, kitanda cha kando ya dirisha. Dada yako anakula vizuri na anawachekesha wauguzi. Akinywa chai hukishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, kwa sababu vidole havimwambii tena kama amekikamata au hajakikamata.

Daktari wake ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Siku ya kwanza alimtaka Mama afumbe macho, akaanza kumgusagusa mguu kwa ncha ya pini, akamwambia aseme kila anapohisi. Mama akangoja, kisha akamtania daktari kwamba aanze basi, au anaogopa mguu wa mtu mzima? Daktari alikuwa amekwisha kufika karibu na goti.

Aliuliza kazi ya mgonjwa. Nikamweleza kwamba hupaka gundi kwenye soli za viatu, na kwamba gundi hiyo huyeyushwa kwa kimiminika ambacho karakana nzima hukiita maji mepesi, nacho kwa jina la kitaalamu ni heksani. Akaiweka kalamu chini. Alisema kemikali hiyo huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na kwamba ikiingia siku baada ya siku huila mishipa ya fahamu kuanzia iliyo mirefu kuliko yote, ile ya miguuni, kisha ya mikononi. Halafu akasema jambo ambalo tangu siku ile silali nalo vizuri: kwamba hata baada ya kumwondoa Mama katika chumba kile, miguu itazidi kuharibika kwa wiki kadhaa kabla haijaanza kurudi, na kurudi kwenyewe huenda kukachukua mwaka, na huenda kusikamilike. Maana yake, Mjomba, ni kwamba mabaya yaliyokwisha kuingia mwilini mwa watu wako bado hujayaona yote.

Najua utasema ni uzee. Umekwisha kulisema, tena mbele yangu. Lakini dada yako ana miaka hamsini na mmoja, na mwenzake wa kigoda cha pili, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, hajafika thelathini. Redio ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona jambo hili, akalifanya kichekesho kama afanyavyo kila kitu. Aliwasimulia wenzake kwamba alitoka kazini na ndara mbili, akafika nyumbani na moja, na hajui ile nyingine ilimuaga wapi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wiki iliyofuata fundi wa kukata ngozi, ambaye meza yake iko kwenye kona ya chumba hichohicho, naye akapoteza ndara, wakamkaribisha katika chama. Wakakiita Chama cha Ndara Moja. Mwezi wa nane kilikuwa na wanachama watano, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima asijue kwamba anatembea peku.

Redio alipoacha kucheka, alikuja ofisini kwako. Nilikuwepo. Alikueleza kwamba anapanda ngazi kwa kuitazama miguu, maana asipoitazama haijui pa kukanyaga. Wewe hukumkemea, sikusingizii. Ulimwonyesha kwa kidole ile karatasi iliyowekwa kwenye fremu juu ya kabati, yenye saini yangu na mhuri, ukamwambia kwamba hewa imepimwa na mtoto wetu wenyewe, msomi, na kama ana elimu inayoizidi hiyo, ailete. Redio akanitazama. Nikasema kwamba vipimo vilikuwa vizuri.

Nikuelezee sasa kinachotokea mle ndani, kwa utaratibu, kwa kuwa ulinipeleka shule ili nijue kueleza. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Haupandi darini kama moshi. Huteremka, hutambaa sakafuni, hutafuta bondeni kama maji, na hutulia. Feni yako iko juu ya mlango, inapunga hewa ambayo haikuwa na kosa. Matundu ya chini ya ukuta, ambayo mjenzi aliyaacha kwa akili zake, wapakaji wameyaziba wenyewe kwa mabaki ya ngozi. Si kwa ujinga. Upepo wa chini huleta vumbi, vumbi likigusa gundi mbichi soli hubanduka, na soli ikibanduka wanaijua kauli yako kwamba aliyeipaka ataivaa yeye kichwani. Basi wakaziba, ukawasifu kwa usafi. Viatu huviacha mlangoni ili wasiingize mchanga. Huketi kwenye vigoda vifupi, peku, kopo la gundi wazi katikati ya nyayo, vichwa vimeinamia kazi. Jioni hunawa mikono kwa maji mepesi kwa sababu sabuni haiitoi gundi. Mjomba, wanaketi ndani ya ziwa lisiloonekana, na wanaogea humo.

Ziwa hilo lina tabia ya pili, nayo umeiona kwa macho yako. Siku mbili kabla Mama hajaanguka kazini akaletwa hapa hospitali, yule mchomeleaji alikuwa chumba cha pili akiunga miguu ya tanuri. Mlango ulikuwa umefungwa. Cheche ilianguka sakafuni upande wake, na moto ukapita chini ya mlango ukiwa na rangi ya bluu hafifu, hauna kelele, kama mtu aliyeachia kitambaa kikateleza. Ulifika kwenye kopo la Mama, ukala tambara lililokuwa kando yake, ukafa. Lile kopo lilikuwa na kifuniko siku hiyo kwa bahati tu, Mama alikuwa amekwenda kujisaidia. Redio akamwaga ndoo ya mchanga, watu wakapiga makofi, na mchomeleaji akasema shetani wa leo ana haraka. Wewe ukasema ni petroli iliyomwagika kutoka kwenye jenereta. Jenereta lilikuwa nje, Mjomba, na petroli haikuvuka uwanja mzima. Moto ulikwenda mahali ambapo mvuke ulikuwa umekwisha kuutandikia njia. Jumatatu unataka kuweka moto wa kudumu upande wa pili wa mlango uleule, na kuongeza wapakaji kumi na wawili, na mapipa mawili.

Nilipokuambia haya siku ya Ijumaa, ulinijibu kwamba sikio halipiti kichwa. Ni methali nzuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini kichwa kinachoungua huungua na masikio yake, na sikio lililosikia likanyamaza halina sifa ya adabu, lina sehemu yake katika lawama.

Nayo ndiyo sehemu ninayopaswa kuifikia sasa. Nimeizunguka ukurasa mzima.

Aliyeyaleta maji mepesi ni mimi. Wapakaji walilalamika kwamba kiyeyushi cha zamani kinanuka na kuwaumiza kichwa, ukaniambia nitafute kingine, nami nikachagua hiki kwa sababu hakinuki sana na hukauka haraka. Nilijua kwenye vitabu kwamba pua si kipimo, na hata hivyo nilifurahi waliponisifu kwa pua zao. Hilo ulilijua. Usilolijua ni jinsi nilivyopima. Nilikodi kifaa, nikaingia na shati jeupe siku mkaguzi alipokuwa anakuja, saa mbili asubuhi, gundi ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Nilikishika kifaa usawa wa uso wangu, nikazunguka chumba chote. Kikasoma vizuri. Sikukishusha sakafuni. Mimi nilisimama, wao huketi. Ili nipime hewa waliyokuwa wakiivuta ingenipasa nichuchumae kati yao, peku, na wakati ule niliona mwenye shahada hachuchumai mbele ya mkaguzi.

Hilo lingekuwa kosa la mtu asiyefikiri, na makosa ya namna hiyo yana msamaha. La pili halina. Miezi miwili iliyopita Mama aliniita jikoni, akanionyesha unyayo wake wa kulia. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umezama wote, na ngozi pembeni yake imeanza kuoza. Aliuona kwa sababu sakafu ilikuwa na damu. Akaniuliza, wewe umesoma haya, ni nini hiki? Mjomba, nilijua. Jina la ugonjwa lilinijia kabla hajamaliza kuuliza, na ukurasa niliousomea, na hata upande wa ukurasa. Nikaitazama miguu ya mama yangu na nikaiona ile fremu ofisini kwako, na saini yangu, na uso wa Redio. Nikamwambia ni uchovu, aloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Akanishukuru. Aliendelea kukaa mle kwa siku hamsini na saba baada ya pale.

Nimemwambia jana. Akaniuliza kama wenzake wameambiwa. Hajaniuliza kitu kingine hadi sasa.

Kwa hiyo fahamu kwamba karatasi ile si kinga yako tena, maana mwenye saini ameikana. Jumatatu tanuri lisiwashwe. Mapipa yatoke yakakae nje chini ya kivuli, mbali na moto na nyaya, yafunikwe. Matundu ya chini yazibuliwe, feni isiyotoa cheche iwekwe chini, itoe hewa nje. Asinawe mtu kwa maji mepesi. Na wote tisa wanaofanya kazi mle wapimwe miguu, hata wanaosema hawajambo, na hao hasa.

Mama anakusalimu sana, kaka yake, na amenikataza kuandika kwamba amelia. Mpe mkaza mjomba salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu kabla hawajasikia haya kwa watu.

Nakala ya barua hii iko kwa Redio, yote, pamoja na aya zinazonihusu mimi. Ataisoma kwa sauti Jumatatu, saa moja na nusu, uwanjani, pale unapogawa kazi. Usinijibu kwa barua, wala kwa simu, wala kwa mjumbe wa ukoo. Nitakaloambiwa faraghani nitalihesabu kuwa halijasemwa. Simama mbele yao akishamaliza, wakutazame, uwajibu wao: je, ulijua, na je, utawasha?

Mpwa wako,
aliyepima hewa